Asiyelipa Asije

Sikumbuki kumwona Mwalimu wa ngoma ameketi. Kwa karibu miaka mitatu niliyocheza chini yake pale Kibondo, nilimwona akila amesimama, akishona njuga amesimama, akizungumza na wazazi wetu amesimama mlangoni, bega moja ndani na jingine nje, kama mwanamke aliyeacha chungu motoni. Ukimpa kiti alikushukuru, akakisogeza pembeni na kuweka mkoba wake juu yake. Mama yangu ni muuguzi, na hawezi kumtazama mtu bila kumtafutia ugonjwa. Alisema labda mgongo unamsumbua. Haukuwa mgongo. Siku moja nilimuuliza mwenyewe. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anavuta pumzi, akasema, "Nikikaa, naanza kufikiri."

Aliitwa Mwalimu wa ngoma ili asichanganywe na walimu wa shule, ambao mji ulikuwa nao wengi, na wengi wao wageni kama sisi, walioletwa na barua za uhamisho. Wapo waliosema alitoka ng'ambo ya mpaka, akaingilia Mabamba, miaka ya wakimbizi. Wapo walioapa kuwa ni Muha wa Kasulu kabisa, hata kijiji wakakitaja. Yeye hakukubali wala kukataa. Aliongea Kiha na wapiga ngoma wake, Kirundi na akina mama waliomuuzia dagaa, na sisi wanafunzi alitusemesha Kiswahili kilichopanda na kushuka kama njia za kwao. Mimi sikuwahi kumuuliza anatoka wapi. Kwa mtu kama yule, swali lilikuwa anakwenda wapi.

Nilifika Kibondo mwanzoni mwa mwaka 2012, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitano, mama alipohamishwa kutoka Tanga. Baridi ya asubuhi ilinishangaza, na udongo mwekundu ulioganda kwenye viatu ulinitia uchungu kila siku nilipovisugua. Sikuwa na rafiki. Jirani yetu akamwambia mama kuwa iko ngoma ya vijana kwenye ghala la zamani la mahindi, njia ya kwenda Kakonko, Jumatano na Jumamosi baada ya shule, ada ni kwa mwezi na si kubwa. Mama akanipeleka, nikiwa nimenuna. Mwalimu hakuniuliza jina. Aliniambia nitembee kutoka ukuta huu hadi ule, nirudi, kisha nitembee tena. Nilipomaliza akamwambia mama, "Anavuta mguu wa kushoto. Ni wako huo. Na wewe umeingia hivyo hivyo."

Hivyo ndivyo alivyowajua watu. Majina aliyasahau, tena bila haya. Mimi alinikumbuka kama "wewe wa Tanga" mpaka mwisho. Lakini mguu wa mtu hakuusahau. Aliweza kusimama ameukabili ukuta, akifunga kamba ya ngoma, na sisi tukiingia mmoja mmoja, akasema bila kugeuka: wewe umelala vibaya, wewe una kiatu kipya kinakubana, wewe hukuja Jumatano. Mvulana mmoja alijaribu kuingia kwa kumwigiza mwenzake anavyotembea. Mwalimu alimwacha apite, halafu akasema kwamba mwenzake yule akichechemea hivyo ni wa kupelekwa hospitali, na kwamba siku nyingine akitaka kuigiza, aigize vizuri.

Alipenda misemo, na sidhani kama aliitoa mahali. Nadhani aliitunga akitembea. "Goti halidanganyi," alisema mtu alipojifanya amechoka. Kuhusu uchovu wenyewe alisema, "Uchovu ni mgeni. Mkaribishe, ila usimpe kitanda." Kwa wale waliocheza wakiangalia kama wanatazamwa, alisema kuwa anayecheza akitafuta macho ya watu ameshapotea njia. Aliyasema haya akizunguka katikati yetu na fimbo fupi aliyogongea sakafu. Hakutuchapa nayo hata mara moja. Aligonga tu, na mguu wako ukajua wenyewe kuwa umechelewa.

Kutulia hakukuwa kwake. Katika muda wote huo alihama nyumba mara tatu, mji ule ule mmoja. Alitupanga mistari Jumatano, Jumamosi akaivunja. Angeweza kutufundisha mwanzo wa mchezo kwa wiki nzima, halafu usiku wa kuamkia onyesho akaubadili, na asubuhi sote tukawa tunakimbizana na miguu yetu wenyewe. Tulilalamika. Lakini ukweli ni kwamba kila alipobadili, palikuwa pazuri zaidi kidogo, na hilo ndilo lililotuchosha: hukuweza hata kumchukia vizuri.

Alisali kanisa ambalo halikupenda ngoma. Wazee wa kanisa walimwita, wakamwambia achague kati ya kwaya na lile ghala. Aliacha kwaya, lakini kanisani hakuacha kwenda. Kila Jumapili alisimama nyuma kabisa, mlangoni, akaimba sauti ya pili peke yake, na watu waliokaa karibu naye walisema kwaya nzima iliisubiri sauti ile itokee mlangoni ndipo nayo ipandishe sauti. Nilimuuliza kama haikumuuma. Alisema, "Wamenitoa kwenye benchi. Mimi benchi nilikuwa silitumii."

Lakini nimeanza kuandika habari zake kwa sababu ya jambo moja, na nimekuwa nikilizunguka. Ni lile la mazoezi ya ziada.

Kuhusu fedha, Mwalimu alikuwa watu wawili. Mmoja alisema, "Ngoma si duka." Huyu aliwaacha watoto watatu wa mjane mmoja wacheze mwaka mzima bila ada, na mama yao alipomletea kuku akamrudisha na kuku wake. Wa pili alisema, "Cha bure hakina saa." Huyu nilimjua mwaka 2013.

Mwaka ule vikundi vya ngoma vilialikwa kushindana Kasulu wakati wa kiangazi. Mwezi mmoja kabla ya safari, Mwalimu alitangaza mazoezi ya ziada, Jumatatu na Ijumaa, juu ya siku zetu za kawaida. Hakutaja malipo na hakuna aliyeuliza. Siku ya kwanza tulikuja wote. Ya pili nusu yetu. Ilikuwa msimu wa kuvuna maharage, wengine walihitajika nyumbani, na wengine hawakuhitajika popote, walichelewa tu kwa sababu waliweza. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilifika robo saa, nusu saa baada ya wakati, nikinyonya muwa. Wapiga ngoma walikuwa watatu, wanaume watu wazima, wakulima, na mmoja wao aliendesha bodaboda. Nao wakaanza kukosekana. Ikawa leo ngoma mbili, kesho moja. Mwalimu hakugomba. Alitembea kutoka mlangoni hadi barabarani, akarudi, akatembea tena.

Kasulu tulishindwa vibaya. Mstari wetu ulikatika katikati mbele ya uwanja mzima, watu wakacheka, na mpiga ngoma wa tatu hakuwepo kabisa. Tulirudi Kibondo nyuma ya lori, saa nyingi za vumbi, naye amesimama ameshika bomba la lori njia nzima. Tuliposhuka ndipo aliposema lile la cha bure. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma kibao cha njia.

Ili mengine yaeleweke, lazima niseme habari za Odeta. Alikuwa wa umri wangu, binti wa wakulima wa upande wa Mabamba, familia iliyotoka Burundi zamani na kupata uraia. Alipanga chumba mjini na binamu yake ili asome. Katika kundi letu hapakuwa na mabishano kuhusu nani anajua. Kuna sehemu katikati ya mchezo ambapo mchezaji wa mbele hushuka mpaka goti linakaribia kugusa ardhi, mikono imeinuliwa mfano wa pembe za ng'ombe, kisha huinuka polepole, ngoma zikiwa zimenyamaza, njuga tu ndizo zinazosema. Sehemu hiyo ilikuwa ya Odeta. Alipokuwa anainuka, hata Mwalimu alisimama mahali pamoja.

Mimi nilipofika sijui kitu, ni Odeta aliyenifundisha. Tulirudi njia moja, na kila tulipofika kwenye uwanda nyuma ya shule aliweka daftari zake chini, akasema, "Haya, mgeni, tena. Buhoro, buhoro," yaani polepole. Alinishika kiuno nisianguke. Tulifanya hivyo wiki kwa wiki, kwa mwaka na zaidi. Sikumpa kitu, wala haikunijia kwamba kuna cha kutoa.

Mwaka 2014 mwaliko wa Kasulu ulikuja tena. Mwalimu aliwaita wazazi ghalani Jumamosi mchana. Akawaambia, amesimama mlangoni kama kawaida, kwamba mazoezi ya ziada yatakuwa manane, na kila moja ni shilingi elfu moja kwa kila mchezaji, inatolewa mlangoni kabla ya kuingia.

Karani mmoja wa mahakama, mgeni kama sisi, alisema ni jambo la busara, kwamba watoto wataheshimu wanacholipiwa, na mwaka jana aliona aibu uwanjani. Wachache waliitikia kwa kichwa. Ndipo baba yake Odeta akainuka. Alikuwa ametoka kwao kwa baiskeli tangu alfajiri. Alivua kofia.

"Mwalimu, mwanangu analipa ada ya mwezi, na sijachelewa," alisema. "Haya mnayoyaita ya ziada, nani kayaomba? Si yeye. Ni ninyi mnaotaka kombe. Mkimhitaji mtu shambani kwa kazi ya ziada, je, yeye ndiye anawalipa?"

Watu walicheka kidogo, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Mwalimu hakucheka. Nilimwona akibadilisha mguu mmoja hadi mwingine. Mama yangu aliuliza kwa upole kama wasio na uwezo wanaweza kufikiriwa. Mwalimu alimtazama mama, kisha baba yake Odeta, kisha nje barabarani.

"Asiyelipa asije," alisema.

Mkutano ukavunjika hivyo. Mama alinilipia yote manane siku ile ile, mkononi mwa Mwalimu. Njiani alisema haipendi amri ile, lakini huwezi kumtuma mtoto kwenye mashindano akaaibike mara mbili.

Jumatatu Odeta alikuja. Alivaa njuga zake kabisa. Alisimama kizingitini, na Mwalimu alikuwa hapo anapokea fedha. Sisi wengine tulikuwa tumeshaingia. Hakukuwa na kelele. Odeta alisema kitu kwa Kirundi, sauti ya chini. Mwalimu akajibu kwa Kiswahili, tena kwa jina, yeye asiyekumbuka majina, nadhani ili sote tusikie na jambo liishe.

"Odeta, nenda nyumbani."

Odeta aliinama akafungua njuga, mguu mmoja, kisha wa pili, akazikabidhi, maana zilikuwa za kikundi. Kisha akaniangalia. Sijui alitaka nini. Labda hakutaka kitu, labda aliyekuwa amesimama mbele ya macho yake ni mimi tu. Nilikuwa na mdomo, na Mwalimu alikuwa akinisikiliza mara nyingine. Ningeweza kusema mama yangu ataongeza. Ningeweza kusema basi na mimi siingii. Niliangalia sakafu. Odeta alipokuwa amefika barabarani, Mwalimu aligonga fimbo, akasema, "Wewe wa Tanga, njoo mbele."

Nami nikaenda. Nisiseme uongo: pamoja na aibu, niliona furaha, ikanipanda kifuani kabla sijaweza kuizuia.

Mazoezi yale manane yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyafanya. Hakuna aliyechelewa. Wapiga ngoma watatu walifika kabla yetu, wakatusalimia "Mwakeye," salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana, kama watu waliolala vizuri, wakapiga mpaka mikono ikavimba. Mwalimu alinifundisha ile sehemu ya kushuka na kuinuka, na kila alichonieleza nilikuwa nimeshakisikia nyuma ya shule, kwa maneno mengine, kutoka kwa mtu aliyenishika kiuno. Sikumwambia.

Kasulu tulishinda. Nilishuka, nikainuka, uwanja ukanyamaza kisha ukalipuka, na kwa dakika chache nilisahau kila kitu. Tulipewa kombe na mbuzi wawili. Mwalimu alilishika kombe lile kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenziwe, akalipitisha kwa karani wa mahakama alibebe. Njiani tulipokuwa tukiimba nyuma ya lori, yeye alisimama pale pale pa mwaka jana, ameshika bomba lile lile. Niliona yeye haimbi nasi.

Odeta hakurudi kwenye ngoma. Shuleni tulikaa madarasa tofauti na tukasalimiana vizuri, na huko kusalimiana vizuri ndiko kulikoniumiza zaidi. Njia ya kwenda nyumbani sasa kila mmoja alikuwa na yake. Alimaliza mitihani ya kidato cha nne akarudi kwao. Kabla ya hapo, Mwalimu naye alishafunga ghala na kuondoka Kibondo, bila kuaga. Wengine walisema amegombana na mwenye ghala, wengine wazee wa kanisa, wengine walisema tu kwamba alikuwa amekaa mno.

Mwezi uliofuata nilipanda bodaboda kwenda sokoni, na mwendeshaji alikuwa yule mpiga ngoma wetu. Nilimuuliza habari za Mwalimu, kisha, kwa sababu jambo lilikuwa bado linanikera, nikasema kuwa yule mama alivuna sana fedha zetu kwa mazoezi yale. Alipunguza mwendo. Akaniambia fedha zile hakuzigusa. Zilikuwa zao, wapiga ngoma watatu, ziliishia kwao hadi senti ya mwisho. Mwaka uliotangulia walimwambia waziwazi: sisi tuna mashamba na abiria, siku za ziada hatuwezi kuja bure. Akawalipa kwa siku chache za kwanza kwa kuuza mbuzi wake, mmoja, kisha mwingine. Mbuzi walipokwisha, nao wakaacha kuja.

"Kwa nini hakuwaambia wazazi?" niliuliza.

"Atawaambia nini? Kwamba wapiga ngoma wake wamemgomea? Yule?" Akacheka kidogo, akaongeza mwendo. "Bure yenu ile, dada, kuna aliyekuwa anailipa."

Habari ile haikunituliza. Ilifanya kinyume. Mpaka hapo nilikuwa na Mwalimu mbaya na Odeta aliyeonewa, na mimi katikati, mdogo, asiye na uwezo. Sasa Mwalimu hakuwa mbaya wa kutosha kunificha.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka 2015, Kasulu. Nilikuwa nimeanza chuo cha ualimu kwingine, na pale nilikaa siku chache tu. Mji ulikuwa umejaa kuliko kawaida, malori ya mahema na chakula yakipita kwenda kambi ya wakimbizi, watu wapya wakishuka kila siku kutoka Burundi, wengine kupitia Manyovu, wamebeba magodoro na watoto. Nilimkuta sokoni akipapasa ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya ngoma, akibishana bei. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama usoni, akatazama miguu, akasema, "Wewe wa Tanga. Umenenepa. Jumamosi mchana uje."

Alikuwa amepanga ukumbi uliokuwa zamani baa, karibu na stendi, bado una kaunta. Watoto walikuwa kama thelathini. Wazazi walikaa kwenye makreti ya soda: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mafuta ya mawese, na akina mama wawili watatu waliozungumza Kirundi kati yao. Wapiga ngoma wapya wawili walikaa juu ya kaunta. Mashindano yalikuwa yanakaribia. Mwalimu akalitaja lile neno "ziada." Aliwaeleza kama alivyowaeleza wa kwetu: mazoezi kadhaa, kiasi fulani, mlangoni. Mama mmoja wa wale wa Kirundi aliinua mkono akauliza kuhusu asiye nacho. Mwalimu akaninyooshea fimbo.

"Huyu alishinda hapa hapa Kasulu mwaka jana. Alilipiwa yote. Mwulizeni yeye."

Sote wawili tulijua alichotaka niseme. Niliinuka. Nikawaambia kwamba ni kweli, tulilipa, na hatukuchelewa, na tulishinda. Nikawaambia kuwa fedha zile Mwalimu hakuzila, zilikwenda kwa wapiga ngoma, na wapiga ngoma ni watu wenye mashamba. Mpiga ngoma mmoja akaitikia, "Kabisa." Kisha nikasema kwamba mahali niliposimama siku ile hapakuwa pangu. Palikuwa pa msichana aliyerudishwa mlangoni kwa shilingi elfu moja. Nikasema kuwa msichana huyo ndiye aliyenifundisha, njiani, bila kutoza, na kwamba nilimwona akivua njuga nikanyamaza. Nikakaa.

Niliogopa kumtazama Mwalimu. Alikuwa ameganda na fimbo yake.

"Aliyosema ni kweli," alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitetea bila nguvu, "Lakini wapiga ngoma lazima wapate chao. Na cha bure hakina saa. Mkifungua mlango, watachelewa."

Yule mama aliyeuliza swali akajibu kutoka kwenye kreti lake, taratibu, Kiswahili chake kikitafuta njia. "Wakichelewa, Mwalimu, wafukuze kwa kuchelewa. Usiwafukuze kwa kukosa."

Sijui kama watu wengine waliona, lakini mimi niliona fimbo ikishuka. Mabishano yaliendelea saa nzima baada ya hapo, maana hakuna jambo la fedha linaloisha kwa sentensi moja. Mwishoni walikubaliana kwamba wazazi watawachangia wapiga ngoma kwa pamoja, kila mmoja alichonacho, wampe mzazi mmoja akusanye, na mlangoni pasiulizwe kitu ila saa. Mpiga ngoma mmoja alinung'unika kuwa michango huwa haitimii. Huenda alikuwa sahihi. Mimi sikukaa Kasulu muda wa kutosha kujua.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani, akitembea mbele yangu hatua mbili kama anayewahi basi lake mwenyewe. Aliniambia kwamba alikwenda Mabamba, miezi michache nyuma, kumtafuta Odeta. Alimkuta sokoni anauza unga wa muhogo na chumvi, biashara nzuri, ana vijana wawili wa kumbebea. Odeta alimpokea kwa heshima, akamnunulia soda. Mwalimu alimwomba aje Kasulu, akae kwake, acheze, awafundishe wadogo.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Sina kinyongo, Mwalimu. Ila miguu imeshazoea kwenda sokoni.'"

Tulisimama. Lori lilipita, likatufunika vumbi, nasi tukangoja litulie. Nilimwambia naomba anisamehe kwa kumwaibisha mbele ya wazazi. Alitikisa kichwa kama anayefukuza nzi.

"Hujaniaibisha. Umechelewa," alisema. "Mimi nilipomwambia aende nyumbani, niligeuka nikawatazama ninyi. Hukuona, ulikuwa unatazama chini. Nilingoja mtu aseme kitu. Hata mmoja. Ungesema siku ile, ningekukasirikia wiki nzima. Halafu ningemwita arudi."

Aligeuka akarudi ukumbini, ambako watoto walikuwa wameanza kugonga miguu bila yeye.